Kishungi cha Tausi wa Mengo

Hapo kale, karibu na Ziwa la Kabaka pale Mengo, aliishi Mama Tausi. Babu zake, Masingasinga, walitoka Punjab, wakaifuata reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, ukoo wake ulitawanyika, na wengi wa waliorudi vishungi vyao vilikuwa vimenyolewa ugenini.

Siku moja Tausi kijana akaja kumposa bintiye. Mama akamtazama kichwani: kishungi kifupi, kinachipua.

"Mwanangu, kunywa amrit kwanza, maji ya kiapo chetu, uvae kara, bangili ya chuma, na kirpan, kisu cha imani. Harusi tutaizungumza baadaye."

Kijana, kwa kumpenda binti, akakubali. Asubuhi akashika njia ya gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga. Juu ya paa alikuwapo korongo mzee, Kaloli, aliyesikiliza ibada za pale tangu ujana wake.

"Waenda wapi, mjukuu wangu?"

"Kunywa amrit, babu. Bila hiyo sipewi mke."

Kaloli akakunja mbawa zake. "Mle ndani utawakuta watano. Watatia maji na sukari katika bakuli la chuma, wayakoroge kwa upanga wenye makali mawili huku wakisoma sala. Lakini watakuuliza kama umeridhia mwenyewe. Utajibuje?"

Kijana akainamisha shingo.

"Mwaka 1699, huko Anandpur, Guru Gobind Singh, mwalimu wa Masingasinga, aliomba kichwa mbele ya umati. Wakasimama watano, mmoja mmoja, kwa hiari yao. Na mwongozo wa Masingasinga wa 1945 wataka anayeingia awe na umri wa kupambanua mambo. Ndoa ni mizunguko minne kuizunguka Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu. Amrit si sharti lake."

Kijana akarudi. "Shikamoo, mama. Nikinywa leo, nitakuwa nimekuapia wewe, si Guru. Nifundishe sala nisizozijua. Kishungi sitakinyoa. Siku moyo ukiridhia, nitakwenda mwenyewe."

"Naogopa tutakwisha," mama akasema.

Binti akajibu: "Tukiapa uongo, mama, tumekwisha tayari."

Mama akanyamaza. Aliwalea madume, alijua mkia wao huchukua miaka kadhaa kukamilika, na hakuna mzazi aurefushaye kwa kuuvuta. Akaridhia posa, na jioni ile ile akaanza kumfundisha mkwewe sala.

Enyi wazazi, imani irithisheni kwa kuifundisha na kuiishi nyumbani, msiigeuze mahari. Kiapo cha kutafutia mke huisha mke akipatikana.