Barua ya wazi kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi: sajilini mhuri, mwacheni mtu apumzike

Fundi boti,
Mwaloni Katonga,
Kigoma.

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi,

YAH: OMBI LA KUSAJILI MHURI KUWA MHANDISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila Siku ya Wahandisi tunawaona kwenye televisheni: vijana wamesimama kwa safu, mkono juu, wanaapa mbele ya mgeni rasmi kuitumikia taaluma kwa uadilifu. Sisi wa huku mwaloni ndio tunaopanda na kulala ndani ya hivyo mnavyovijenga, kwa hiyo kiapo hicho tunakiitikia amina ya nguvu kuliko waliomo ukumbini.

Naandika kuhusu mhuri wangu. Ni mhuri wa mpira, wa duara, wenye jina la karakana na picha ya nanga ambayo aliyeichonga ilimshinda, ikafanana na ndoana. Niliuchongesha kwa ajili ya risiti za wenye vipe, hizi boti zetu za uvuvi, basi. Sikujua kwamba nimechongesha mhadhiri.

Nililijua hilo mwaka 2024, ziwa lilipofungwa. Mnakumbuka uvuvi ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Boti zikavutwa nchi kavu, wavuvi wakakaa vibarazani, sisi mafundi tukapata kazi ya kuziba nyufa na kubadilisha mbao. Ndipo akaja kijana mmoja, mtoto wa jirani, mwanafunzi wa uhandisi ujenzi mwaka wa tatu katika chuo ambacho jina lake nalihifadhi kwa heshima ya lango lake, maana ni lango zuri sana. Aliniamkia vizuri, akaketi juu ya gogo la mninga, akafungua begi, akatoa logibuku.

"Mjomba, naomba unigongee tu hapa, na hapa, na hapa."

Nikageuza kurasa. Wiki nane zote zimejaa: kalamu moja, mwandiko mmoja usiochoka. Jumatatu amepima mbao, Jumanne amekagua misumari. Jumapili naye yumo kazini, na mimi Jumapili karakana nafunga. Mwezi Julai, wakati hakuna hata mtumbwi uliothubutu kushusha wavu, kijana ameandika kwamba alitoka na wavuvi usiku kupima jinsi boti linavyozama likiwa na shehena ya migebuka. Nilimwonea wivu. Kwa miezi ile ndiye mtu pekee Kigoma aliyekuwa na migebuka.

Kisha akanionyesha ripoti. Hii ilipigwa chapa, ikajaladiwa kwa plastiki, na ilihusu gati jipya linalopendekezwa hapa hapa Katonga. Niliisoma yote, maana kazi ya siku ile ilikuwa inasubiri pamba ya kuzibia nyufa. Ripoti inaeleza jinsi nguzo zitakavyokabiliana na kupwa na kujaa kwa maji mara mbili kwa siku. Inaonya kuhusu chumvi kula nondo, na inashauri zege liwekwe nene kidogo kwa sababu hiyo. Ukurasa wa 14 kuna sentensi inayoanza, "Kwa kuwa eneo la Katonga linapakana na Bahari ya Hindi..."

Waheshimiwa, nilitoka nje nikaangalia. Bado lilikuwa Ziwa Tanganyika.

Naamini mwenye ripoti ile ya kwanza, awe wa Tanga au wa Mtwara, aliifanya kazi yake vizuri, tena huenda aliingia majini mpaka magotini kupima. Popote alipo, apate salamu zangu. Ila gati lake limehamishiwa kwenye maji baridi yasiyo na kupwa wala kujaa kwa namna ile ya pwani. Ziwa letu lina tabia yake. Hupanda na kushuka kwa misimu, na tangu mwaka 2020 limepanda likala fukwe, likaingia kwenye nyumba za watu kuanzia kwetu huku hadi Bujumbura. Mtu yeyote anayetaka kusimamisha nguzo Katonga, hilo ndilo swali lake la kwanza: maji yalifika wapi mwaka ule? Alama zipo kwenye kuta, huhitaji hata kifaa. Katika ripoti nzima hakuna mstari mmoja unaogusa jambo hilo.

Nikamwambia, mwanangu, nitagonga. Sharti langu moja. Jumamosi tunashusha boti jipya, na desturi ya hapa ni kwamba waliolitengeneza ndio wanaotoka nalo kwanza, hadi nje ya ghuba. Panda nasi.

Akalitazama ziwa. Huko ndani lina mahali penye kina cha mita 1,470.

"Mjomba, mimi sijui kuogelea."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nakalafati vizuri."

Hakurudi. Baadaye nikasikia logibuku limegongwa na duka la vipuri vya bodaboda, na ripoti imepata A. Sikushangaa, mwalimu wa kukagua anao wanafunzi wa mikoa mitatu, nauli ya mkoa mmoja, na siku chache. Wala simlaumu kijana peke yake. Alikuwa amezunguka ofisi za mji mzima akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kila mlango unamwambia pamejaa, na bumu lilikuwa limekwisha zamani. Nje ya lango lile zuri kuna steshenari, na kwenye kompyuta ya steshenari kuna faili la projekti za miaka yote. Unabadilisha jina na mahali, unalipa, unasubiri printa. Ukitaka ya kisasa zaidi unaiagiza kwa akili mnemba, kwa hiyo siku hizi hata desa lenyewe linadesa. Wenzetu wa Nairobi wamekwenda mbali zaidi: kwa miaka mingi vijana wenye digrii zao wamekuwa wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo, mpaka Uingereza ikatunga sheria mwaka 2022 kuipiga marufuku biashara hiyo. Sisi bado tunadesa kwa matumizi ya nyumbani tu, hatujafikia kuuza nje.

Sasa ombi langu. Kwa kuwa kinachokwenda mafunzoni ni mhuri, kinachoaminiwa na chuo ni mhuri, na kinachotazamwa na mwajiri ni mhuri, naona ni dhuluma kumpa mtu mwingine cheti. Usajilini mhuri. Mpango wenu wa kuwalea wahandisi wahitimu, huu ulioanza mwaka 2003, unamtaka kijana akae miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Mhuri wangu umekaa kwenye droo ya karakana zaidi ya hiyo miaka mitatu, hauombi posho, haujawahi kuchelewa kazini. Kiapo nao utakiweza, mradi kiwe kwa maandishi.

Wala msiogope kwamba mtakuwa mnaanzisha jambo geni: karatasi tumeiamini kuliko macho tangu zamani. MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996, abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha. Daraja la tatu halikuwa nayo, na ndiyo maana mpaka leo kila anayesimulia ana idadi yake ya waliokufa. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilikuwa na kibali cha ghorofa 10 likafika 16. Lilianguka asubuhi ya 29 Machi 2013 likaua watu 36. Kibali kilikuwepo, na wino wake haukufutika.

Najua mtaniambia serikali imeshafanya uhakiki. Ni kweli, mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Lakini cheti cha kijana wangu kitapita uhakiki wowote. Kimetoka chuoni, kina saini, kina namba. Kilichoghushiwa ni mwenye cheti, na mashine ya kumhakiki huyo sijaisikia.

Ombi la pili ni la nidhamu. Naomba muwachukulie hatua, hata kama ni kwa kuchelewa, mafundi watatu wa Kijerumani: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Kosa lao linajulikana hapa Kigoma. Walikuja na meli ya Graf von Götzen iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 kisha ikafunguliwa vipande, ikajaa makasha yapatayo 5,000, ikaletwa hadi Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni. Wakaiunganisha upya hapa, na vibarua ambao majina yao hakuna aliyejisumbua kuyaandika, ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916 adui anakaribia, ikatoka amri izamishwe ili asiipate. Wakatii. Ila kabla ya kuizamisha, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, walizipaka injini zake grisi, wakazipaka kwa wingi, ili kutu isizile huko chini.

Hebu fikirini, Waheshimiwa. Meli inakwenda chini, vita vimewashinda, hakuna mkaguzi atakayepita wala alama itakayotolewa, na watu wazima wako ndani ya chumba cha injini wanapaka grisi! Sisemi walikuwa watu wema. Walikuja na utawala wa mabavu, na meli ile ilibeba mizinga. Lakini Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba ikisukumwa na injini zile zile za mvuke, zikaendelea hadi miaka ya 1970. Bibi zetu wamepanda meli hiyo kwenda Kasanga na kurudi, na sidhani kama kuna aliyewahi kuuliza imegongwa mhuri wa nani.

Mfano wa namna hii ukiachwa bila kukemewa utawaharibu vijana. Mwanafunzi ataanza kwa kuchungulia ukutani alama ya maji ya mwaka 2020 wakati hakuna anayemtazama, na mwisho wake atakosa muda wa kwenda steshenari.

Naambatanisha mhuri wangu kwa hatua za usajili. Ukisajiliwa, tafadhali urudisheni kwa basi, kwani kuna mwenye kipe anadai risiti yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi boti, Katonga.

Nakala:
Mkuu wa chuo chenye lango zuri, kwa taarifa.
Mwenye duka la vipuri vya bodaboda, kwa pongezi za uhadhiri.
Mwenye steshenari, kwa utekelezaji: ukurasa wa 14, futa "Bahari ya Hindi". Mwakani wanakuja wengine.