Gongo la Dola Mia Nne

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wao hawakuwahi kuingia duka la magongo ya hoki ya barafuni mjini Toronto. Humo utamkuta baba mzima, kitambi mbele, analikandamiza sakafuni gongo la nyuzi za kaboni huku amekunja uso kama fundi mkuu. Anataka namba 85, yaani gongo linalohitaji nguvu ya ratili 85 ili lipindike inchi moja tu. Mwenyewe hucheza Jumapili usiku na wahasibu wenzake, na mara nyingi barafu humpokea kabla hajalifikia goli.

Kanuni yenyewe haina siri: ukishavaa viatu vya barafuni, gongo likufike kidevuni, na namba iwe karibu nusu ya uzito wako kwa ratili. Basi. Lakini kwa maelezo mepesi hivyo, nani atatoa dola 400? Analipa, anafika nyumbani, analiona refu, anachukua msumeno. Na gongo likikatwa huzidi ugumu, kwa hiyo ile 85 aliyoisumbukia imebaki gereji pamoja na vumbi la kaboni.

Nyota wa hoki Wayne Gretzky alifunga mabao 92 msimu wa 1981–82, kwa gongo la mbao. Bwana wetu, hata hivyo, keshajua kwa nini yeye hafungi: ncha ya gongo imepindwa vibaya kiwandani. Jumamosi anarudi dukani. Muuzaji, mwandalie kiti, na bei usimpunguzie.