Kifurushi cha Sinema: Waraka kwa Watu wa Tunduma

Kwa wazee, kina mama, ndugu na jamaa wote wa Tunduma, Mpemba, Mlowo, Vwawa na Ileje.

Kifurushi cha sinema ni mpango ambao mtazamaji hulipa kiasi maalumu cha fedha kila mwezi, na kwa malipo hayo huruhusiwa kuingia katika kumbi za sinema mara nyingi kadiri masharti yanavyoruhusu, bila kutoa fedha nyingine mlangoni. Mpango huu umeenea Marekani, Uingereza na Ufaransa, ambako kampuni ya UGC iliuanzisha mwaka 2000, na unastahili kuelezwa kwa kina kwa wasomaji wa Mkoa wa Songwe, kwa kuwa picha za kiti chekundu kinacholala kama kitanda, zilizotumwa hivi karibuni kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, zimezua maswali kuhusu matumizi ya fedha ya vijana walioko ughaibuni, maswali ambayo wazee wameyauliza kwa upole na mashangazi wameyauliza bila upole wowote.

Msomaji wa Tunduma anaijua sinema kupitia kibanda umiza, yaani chumba cha mbao au cha tofali chenye mabenchi, televisheni na spika kubwa kupita mahitaji, ambamo filamu huonyeshwa mchana na mpira wa Ulaya usiku, na ratiba huandikwa kwa chaki kwenye ubao ulioegemezwa mlangoni. Malipo yake ni ya papo kwa papo: mwenye mia kadhaa anaingia, asiye nazo anachungulia kwenye upenyo wa mbao mpaka afukuzwe, na umeme ukikatika katikati ya filamu mwenye banda huwa na hoja nyingi za kisheria kuhusu kwa nini fedha hairudishwi. Filamu yenyewe, iwe ya Kichina, ya Kihindi au ya Kinigeria, aghalabu huwa imetafsiriwa, maana yake ni kwamba sauti ya msimuliaji wa Kiswahili imewekwa juu ya sauti za waigizaji, akieleza, akitania na kuongeza yake pale anapoona mwandishi wa filamu alipungukiwa. Katika fani hiyo jina la Lufufu lilivuma sana, na wapo waliokua wakiamini kwamba makomando wa Kimarekani huzungumza Kiswahili cha Dar es Salaam. Kumbi kubwa za sinema zilikuwapo nchini tangu zamani, hasa Zanzibar na Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilipata hata sinema ya kutazamia ndani ya gari mwaka 1966, lakini kati ya Tunduma na ukumbi wa kisasa wa Mlimani City jijini humo kuna zaidi ya kilomita 900 za barabara, na bado haijatengenezwa filamu inayostahili nauli hiyo.

Kisa cha kuchekesha kuliko vyote katika historia ya vifurushi hivi ni cha kampuni ya Marekani iitwayo MoviePass, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Stacy Spikes na Hamet Watt, ambayo haikumiliki ukumbi hata mmoja. Mteja wake alipewa kadi ya benki, na alipofika karibu kabisa na ukumbi alitumia programu ya simu kuthibitisha kwamba yupo hapo, ndipo kampuni ilipoingiza kwenye kadi bei kamili ya tiketi ili aende dirishani akalipe kama mtu mwingine yeyote. Agosti 2017 kampuni ya uchambuzi wa takwimu iitwayo Helios and Matheson ilinunua sehemu kubwa ya hisa za MoviePass, na bei ya kifurushi ikashushwa hadi dola 9.95 kwa mwezi, sawa na takriban shilingi 22,000 au kwacha 90 za wakati huo, kwa ruhusa ya kutazama filamu moja kila siku ya Mungu. Mwaka huo wastani wa bei ya tiketi moja nchini Marekani ulikuwa karibu dola 9, na katika jiji la New York tiketi moja iliweza kuzidi dola 15.

Inafaa kutua hapa na kumtafakari mbadilisha fedha wa mpakani, yule anayesimama hatua chache kutoka Nakonde, upande wa Zambia, akiwa na bunda la shilingi mkono huu na la kwacha mkono ule, ambaye hajasoma uchumi katika chuo chochote lakini hajawahi kulala na hasara. Akielezwa kwamba kuna kampuni inanunua bidhaa kwa dola 9, kisha inamuuzia mteja mwenye bidii kwa senti 33, atauliza swali moja tu: mwenye kampuni ana wazimu, au fedha si zake? Jibu sahihi ni kwamba fedha hazikuwa zake, zilikuwa za wanahisa. Wataalamu wa masoko ya mitaji walihitaji miezi mingi kufikia hitimisho ambalo pale mpakani lingefikiwa kabla chai haijapoa.

Waanzilishi wa bei hiyo ya dola 9.95 hawakuwa bila nadharia. Walitumaini kwamba taarifa za mienendo ya watazamaji, yaani nani huenda wapi, saa ngapi na kutazama nini, zingeuzwa kwa watengeneza filamu na watangazaji. Na zaidi ya hapo walitumaini jambo ambalo kila aliyewahi kununua kifurushi cha intaneti cha mwezi analifahamu kwa uchungu, kwamba watu wengi watalipa halafu hawatamaliza walicholipia. Tumaini la pili ndilo lililowaponza, kwa sababu watu walikuja. Walikuja wanafunzi, walikuja wastaafu, walikuja watu waliotaka tu kutumia choo safi katikati ya mji, na kufikia katikati ya mwaka 2018 waliojiunga walizidi milioni 3. Mwishoni mwa Julai mwaka huo fedha ziliisha, kadi zikakataliwa dirishani, na kampuni ikakopa dola milioni 5 kwa haraka ili filamu ziendelee. Tume ya Biashara ya Shirikisho, ambayo ndicho chombo cha Marekani cha kumlinda mlaji, ilieleza mwaka 2021 kwamba kampuni iliwahi kubatilisha nywila za wateja 75,000 waliokuwa wakienda sinema mara nyingi zaidi, kwa kisingizio kwamba akaunti zao zilionyesha dalili za udanganyifu. Kwa lugha ya banda, mteja alifungiwa mlango kwa kosa la kuja. Huduma ilisimama Septemba 2019, Helios and Matheson ikafilisika Januari 2020, na viongozi wawili wa mradi huo, Mitch Lowe na Ted Farnsworth, baadaye walishtakiwa kwa ulaghai dhidi ya wawekezaji na wote wakakiri makosa. Spikes, aliyekuwa ameondolewa katika kampuni aliyoianzisha mwenyewe, aliinunua tena mwaka 2021.

Kampuni ya AMC, mmiliki mkubwa wa kumbi, ilikuwa imetamka tangu mwanzo kwamba bei ya MoviePass haiwezi kudumu. Na baada ya kutamka hivyo ikaanzisha kifurushi chake mwezi Juni 2018, kwa dola 19.95 kwa mwezi na filamu tatu kwa wiki. Hakuna unafiki mkubwa hapa. MoviePass ilinunua viti vya watu wengine kwa bei kamili, ilhali AMC inagawa viti vyake yenyewe, ambavyo siku ya Jumanne asubuhi vingebaki vitupu kwa vyovyote vile. Ni hesabu ileile ya mwenye lori aliyeshusha mzigo Zambia, ambaye hukubali kubeba chochote kwa bei ya kutupa kuliko kurudi Dar es Salaam na bodi tupu. Isitoshe, takriban nusu ya bei ya tiketi huchukuliwa na wenye filamu, lakini fedha ya bisi hubaki kwa mwenye ukumbi, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Mkulima wa Mbozi anaombwa akae kitako kabla ya kusoma sentensi ifuatayo. Ndoo moja ya bisi, iliyotokana na viganja viwili vya mahindi na kumwagiwa mafuta ya manjano yanayochuruzika kutoka kwenye bomba, huweza kuuzwa kwa karibu dola 10, fedha ambayo kwa kawaida hununua debe zima la mahindi na chenji ikabaki.

Kuhusu mwenendo wa ndani ya ukumbi, mtazamaji huchagua kiti chake kwa simu kabla hajatoka nyumbani, hupokelewa na kijana anayeelekeza mashine kwenye simu hiyo bila kumwuliza habari za huko atokako, kisha huketi na kubonyeza kitufe mpaka miguu iinuke sawa na kifua. Filamu iliyotangazwa kuanza saa moja haianzi saa moja. Kwanza huja vionjo, yaani vipande vya filamu zijazo, kwa dakika 20 au zaidi, na katika kumbi za AMC, tangu mwaka 2021, huja pia tangazo ambamo mwigizaji Nicole Kidman anakanyaga dimbwi la maji ya mvua kwa viatu vya visigino na kuingia peke yake ukumbini kusifu uzuri wa sinema. Mwenye kifurushi anayetazama filamu tatu kwa wiki humwona bibi huyo mara nyingi kuliko anavyowaona ndugu zake wa damu, na huishia kumjua hatua kwa hatua. Filamu ikianza, hakuna anayetafsiri, hakuna anayetabiri, na mtu wa Tunduma, aliyelelewa katika desturi ya kumwonya mwigizaji kwa sauti kwamba adui yuko nyuma ya mlango, hugeukiwa na safu nzima kana kwamba yeye ndiye adui.

Sasa kuhusu fedha za vijana walioko ughaibuni. Mhamiaji anayefanya kazi zamu ya usiku hutoka kazini asubuhi, wakati chumba anachopanga na wenzake kina kelele na baridi, ilhali ukumbi wa saa nne asubuhi una giza, una joto na una kiti kinacholala. Akihudhuria mara tatu kila wiki, kwa bei ile ya AMC ya mwaka 2018 kila filamu ilimgharimu karibu dola moja na nusu, na hata ile aliyoikoromea tangu vionjo hadi majina ya mafundi haiwezi kuhesabiwa kuwa hasara, kwa sababu hakuna nyumba ya wageni inayotoza kiasi hicho. Habari kwamba hununua bisi hazina msingi. Hubeba karanga za kuchoma mfukoni, mila ambayo kanuni za ukumbi haziitambui. Mashangazi wanaombwa wazingatie hesabu hii kabla ya kikao kijacho, na anayetaka kupiga simu apige jioni ya Tunduma isipokuwa siku tatu za sinema, ambapo simu huzimwa.

Na kama yuko mwenye banda, iwe Tunduma au Mlowo, ambaye ameusoma waraka huu akaanza kuwaza kuuza kadi ya mwezi, anashauriwa asithubutu, kwa sababu mpango wote unamtegemea mteja anayelipa halafu asije, na mteja wa namna hiyo Tunduma hayupo.