Faili Moja, Wenye Nyumba Watatu

Watu wanaoandika programu wana imani moja ngumu kuing'oa: kwamba ukishaitengeneza Vim yako, kihariri chako cha maandishi, ikakaa sawa, rangi zikatulia na vitufe vikatii, utaibeba hivyo hivyo maisha yako yote, leo kwenye Linux ya kazini, kesho kwenye Mac ya kuazima, keshokutwa kwenye Windows ya shemeji. Mimi naipinga imani hiyo. Faili la mipangilio linalotaka kuhudumia mifumo endeshi mitatu sharti liwe fupi kiasi cha kumtia mwenyewe aibu, kwa sababu kila mstari unaoongezwa ni ahadi inayotolewa kwa niaba ya watu ambao hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Tuanze na mahali faili linapolala. Kwenye Linux na Mac linaitwa .vimrc, na ile nukta ya mbele ndiyo inayolificha. Rob Pike, mmoja wa wazee wa Unix, aliwahi kueleza kwamba desturi hiyo haikukusudiwa: aliyeandika amri ya kuorodhesha mafaili alitaka kuruka maingizo mawili tu, nukta moja na nukta mbili, akaona uvivu, akakagua herufi ya kwanza peke yake. Uvivu ukawa sheria. Windows, kwa kurithi DOS isiyotaka jina lianze na nukta, ikaliita _vimrc, na folda ya .vim ikageuka vimfiles. Neovim, tawi jipya la Vim, ilipokuja ikahamia .config/nvim kwenye Linux na AppData\Local\nvim kwenye Windows. VS Code, kihariri kingine, kwenye Mac huliweka faili lake ndani ya Library/Application Support, jina lenye nafasi katikati, na nafasi hiyo huikata amri vipande viwili kila usahaupo kuifungia alama za mtajo. Ni mpangaji mmoja na wenye nyumba watatu: huyu anataka viatu viachwe mlangoni, yule uvunguni, wa tatu kabatini, na ufunguo anao yeye.

Hayo ni majina tu. Balaa hasa limo katika kisichoonekana. Mashine za zamani za kuchapa kwa waya zilihitaji amri mbili kumaliza mstari: ya kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo, na ya kusogeza karatasi. Windows imezitunza zote mbili, Unix ikabaki na ya pili, Mac za enzi zile zikachukua ya kwanza. Basi chukua skripti iliyohifadhiwa Windows, ifungue kwenye Linux: macho hayaoni kasoro. Iendeshe: unaambiwa /bin/bash^M haipo. Bash, programu inayoiendesha skripti, ipo, imekuwepo tangu asubuhi. Isiyokuwepo ni bash yenye mkia. Mtu ataisakinisha upya, ataizima mashine na kuiwasha, atamshuku mwenzake aliyeigusa jana, kumbe ni herufi moja tu iliyojibanza mwishoni mwa mstari wa kwanza. Notepad nayo, mpaka 2018, ikifungua faili la Unix ilikuwa inaumwaga mzigo mzima kwenye mstari mmoja.

Wapo watakaoniambia: weka kila kitu kwenye Git, ghala la matoleo ya mafaili, yaishe. Sawa, ila Git ya Windows, ukikubali mapendekezo yake wakati wa kuisakinisha, hubadilisha hiyo hiyo miisho ya mistari inapokukabidhi mafaili. Dawa yake ni faili la .gitattributes, yaani sasa una mipangilio ya kulinda mipangilio. Wengine watasema Vim inaweza kuulizwa iko wapi, kwa has('win32'). Inaweza, na hujibu ndiyo hata kwenye Windows ya biti 64. Uiulize has('unix') kwenye Mac, nako itaitika ndiyo, ikulazimu kuuliza swali la tatu. Na anayejivunia ulandanishaji wa VS Code kupitia akaunti aangalie vizuri: kwa kawaida yake, njia za mkato za kibodi hutunzwa kando kwa kila mfumo. Waliotengeneza chombo wenyewe wamesalimu amri, wewe unabishana na nani?

Pingamizi lenye uzito ni la starehe ya mwili. Mwenye macho dhaifu anahitaji herufi kubwa na rangi zinazoachana, na hapo sina ubishi. Mistari hiyo ibaki. Upana wa kujongeza mistari ni mali ya mradi, uandikwe kwenye .editorconfig ambako wote watausoma. Vingi vilivyosalia ni mapambo. Ona kinachosafiri bila faili lolote: vitufe h, j, k na l, alivyovitumia Bill Joy alipoiunda vi, babu yake Vim, mwaka 1976 kwa sababu terminali yake ya ADM-3A ilikuwa na mishale juu ya herufi hizo. Hadi leo vinatii kwenye mifumo yote mitatu.

Vim isiyo na mipangilio yoyote mara nyingi hukupokea kwa ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda, kwa kuwa Bram Moolenaar, muundaji wake, alijitolea Kibaale mwaka 1994 na hakuwasahau. Mpenda mapambo huona ombi hilo linaharibu mandhari, akaandika set shortmess+=I ili lisionekane. Mstari huo, nakiri, hufanya kazi kote kote.