Vigae Usoni pa Bibi Harusi

Video iliyohaririwa vizuri huharibikia njiani, ikishatoka kwenye kompyuta iliyoitengeneza na kabla haijafika machoni pa watu, na fedheha yake humwangukia aliyeiachia ikiwa nzima. Ushahidi mbichi ulipatikana Jumamosi iliyopita katika ukumbi mmoja wa Mbagala, kwenye sendofu ambayo kamati yake ilikaa vikao visivyohesabika na kugombana kuhusu keki tu. Ratiba ilifika kwenye filamu fupi ya maisha ya bibi harusi: dakika sita, kuanzia picha ya darasa la kwanza hadi siku ya kuvishwa pete. Taa zikazimwa. Kwenye skrini kubwa akatokea msichana mwenye uso wa vigae. Paji la uso lilikuwa mraba mmoja, shavu mraba wa pili, na kila alipocheka miraba ilihama, ikachelewa kurudi. Bibi mzaa mama, aliyeketi mbele kabisa, akauliza kwa sauti huyo ni mtoto wa nani. MC, ambaye analipwa kuokoa mambo ya namna hiyo, akashika maiki: "Fundi, hii umerekodi kwa simu ya tochi?" Ukumbi mzima ukageuka kumtafuta fundi, naye alikuwa amesimama palepale kando ya spika, ndani ya fulana yenye jina la kampuni yake mgongoni kwa herufi kubwa.

Safari ya faili ilianza salama. Mhariri alilitoa kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080, megabiti 16 kwa sekunde, jumla megabaiti 720, akaliweka kwenye flashi na kuikabidhi mkononi mwa katibu wa kamati. Mjomba wa bibi harusi akataka kuliona kwanza, kama ilivyo haki ya wajomba, na katibu akamrushia kwa simu. Mjomba akafurahi, akalirusha kwenye kundi la kamati pamoja na mikono mingi ya kupiga makofi. Flashi yenyewe ikapewa matroni aitunze. Saa ya tukio ilipofika, flashi ilikuwa ndani ya pochi ya matroni, na matroni alikuwa bado saluni, Tandika. Kijana wa mitambo, mtu mwenye moyo wa kusaidia, akalipakua lile la kwenye kundi. Lilikuwa na megabaiti 38.

Yaliyozikuta zile 682 nyingine yanastahili kuelezwa kwa kituo. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kila nukta ikihifadhiwa kikamilifu huhitaji baiti tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Hiyo ni megabaiti 6.2 kwa fremu. Video ya fremu 25 kwa sekunde, ikiachwa bila kubanwa, hula megabaiti 155 kila sekunde na gigabaiti 9.3 kila dakika. Dakika sita za bibi harusi zingefika gigabaiti 56, na sherehe nzima ya saa tano ingepita terabaiti mbili na nusu. Kamati ya kununua diski ya namna hiyo haijaundwa bado. Kwa hiyo video karibu zote zimebanwa tangu ndani ya kamera, na kutoa video bila kupoteza ubora, kwa kusema ukweli, ni kupoteza vile tu ambavyo jicho halitavidai.

Cha kwanza kutupwa ni rangi. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga kwa ukali kuliko tofauti za rangi, hivyo mwanga huhifadhiwa kwa kila nukta, na rangi huhifadhiwa mara moja kwa kila nukta nne. Nusu ya uzito huondoka hapo, na hakuna mwalikwa anayegundua. Cha pili kina ufundi wa kupendeza zaidi. Picha hugawanywa katika miraba midogo, na kila mraba huandikwa upya kuwa mchanganyiko wa mawimbi: wimbi pana linalobeba wastani wa mwanga, na mawimbi membamba yanayobeba nyuzi za kitambaa, kope na ncha za hereni. Hesabu hiyo ni ya Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti huo kwa mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, akanyimwa. Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, mmoja wa waliolipitia ombi aliona wazo lile ni jepesi mno. Mwaka 1974 yeye na wenzake, T. Natarajan na K. R. Rao, wakaichapisha, na leo hesabu hiyo imo ndani ya kila picha ya JPEG, na jamaa zake wa karibu wamo ndani ya video zinazorushwa Temeke usiku na mchana. Mafundi walionyimwa malipo wana mzee wao.

Mawimbi yakishapatikana, kodeki, yaani programu inayobana video, huanza kukata. Membamba hupunguzwa kwanza, maana ndiyo mengi na ndiyo jicho husamehe. Ikipewa biti za kutosha, hukata kidogo. Ikibaniwa, hukata mpaka kila mraba ubaki na lile wimbi pana peke yake, yaani wastani tu, na hapo mstari kati ya mraba na jirani yake huanza kuonekana. Vigae vya Mbagala vilizaliwa hivyo. Kope za bibi harusi, zilizobandikwa kwa gharama kubwa, zilikuwa mawimbi membamba.

Ubanaji wa tatu ni wa muda. Fremu nzima huandikwa mara chache. Zinazofuata huandika kilichobadilika tu, kwamba mraba ule umesogea nukta tatu kulia na huu umebaki ulivyokuwa. Mtangazaji wa taarifa ya habari, anayechezesha midomo na nyusi, ni raha ya kodeki. Sendofu ni adui yake. Mashine ya moshi imewashwa, vikaratasi vya kung'aa vimerushwa hewani, gauni la shangazi lina puleki za dhahabu zinazometa kila moja kwa wakati wake, taa za DJ zinabadili rangi ya ukumbi mzima, na noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mtu anayecheza. Hakuna kilichosogea kwa adabu. Kila kitu ni kipya, na biti zilizotosha hotuba ya mshenga hazitoshi hata dakika moja ya kutunza. Singeli ni mtihani mkali zaidi. Muziki huo wa Manzese na Tandale hupita mapigo 200 kwa dakika, na mhariri anayekata picha kwa kila pigo huilazimisha kodeki kuanza upya kila baada ya fremu saba au nane. Waliobuni teknolojia hii hawakuwa na habari za Tandale. Vijana wa uswahilini ndio wanaoipima mpaka mwisho wake, kwa laptopu ambayo feni yake inasikika barabarani.

Baada ya hayo, mipangilio yenyewe ni mifupi. Ukubwa na idadi ya fremu vibaki vilevile vya kamera. Fremu 25 zikichanganywa na 30 za simu, mwendo hushtukashtuka. YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 yenye fremu 24 hadi 30. Hotuba huridhika na hizo. Sendofu ipewe mara mbili. Programu ikitoa nafasi ya kuipitia video mara mbili, ikubaliwe, maana mara ya kwanza hupima wapi pagumu na wapi pepesi, na mara ya pili hugawa biti kwa haki. Kodeki ya H.265 ya mwaka 2013 hubana vizuri kuliko H.264 ya mwaka 2003, lakini kompyuta kuukuu ya ukumbini ikipewa H.265 huweza kutoa sauti nzuri na skrini nyeusi. Ukumbini ipelekwe H.264. Na kamati inayodai 4K ielezwe kwamba skrini ya LED yenye upana wa mita nne, na nukta moja kila milimita nne, ina nukta 1,000 tu kwa upana. Zile 3,840 za 4K zitaishia mlangoni kama wageni wasio na kadi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kurudia. Kila kubana upya hukata juu ya makato ya zamani. Video iliyotolewa, ikaingizwa tena kuwekewa nembo, ikatolewa, ikaingizwa tena kuongezewa wimbo, humfikia mteja ikiwa chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu: rangi ipo. Tanzania Bara ina uzoefu mrefu wa jambo hili. Haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo kwa miaka mingi filamu ziliingia uswahilini kwa kanda za VHS, na kanda ya kibanda cha video mara nyingi ilikuwa nakala ya nakala. Waliozifuata filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu waliijua sauti yake vizuri kuliko sura ya adui, ambaye alikuwa kivuli chenye bastola. Kisha zikaja VCD, nukta 352 kwa 288, nazo zikapokewa kama ukombozi.

Zama hizi zina nafuu moja ambayo haitumiki. Faili likinakiliwa kwa flashi halipotezi hata biti moja, hata likinakiliwa mara elfu. Kinachoharibu ni kubana upya, na kurusha video kwa programu ya ujumbe kutoka kwenye albamu ya picha ni kubana upya. Ikitumwa kama hati hufika ilivyo. WhatsApp huruhusu hati ya hadi gigabaiti 2 tangu 2022. Kitufe cha HD kilipoongezwa 2023 kiliipa video ukubwa wa 720, si zaidi. Mhariri naye huhifadhi nakala mama isiyobanwa sana, kwa mfano ProRes 422, ambayo kwa 1080 na fremu 25 hutumia megabiti 122 kwa sekunde, takriban gigabaiti 55 kwa saa, na kila toleo jipya hutolewa kwenye nakala hiyo.

Mikasa mingine haina urefu. Flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, hata ikiwa tupu. Weusi ukigeuka kijivu na picha ikapauka, viwango vya mwanga vya kompyuta (0 hadi 255) na vya televisheni (16 hadi 235) havikuelewana. LUKU huisha video ikiwa asilimia 94.

Linalouma ni fedha. Katika bajeti za shughuli za jiji hili, picha na video huandikwa chini ya ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo na keki, na hukatwa kabla ya hivyo vyote. Fundi hupewa advansi ya kukodi lenzi na kujaza mafuta. Malizio huahidiwa baada ya shughuli. Hitilafu ikionekana kwenye skrini, hata iliyotengenezwa na kidole cha mjomba, malizio hugeuka ajenda. Mweka hazina husema kazi haikuwa na kiwango. Katibu huacha kujibu simu. Faili la megabaiti 720 lipo, safi, kope zote zinahesabika, na hakuna anayetaka kulitazama. Keki ilikuwa imelipwa yote kabla haijakatwa, na fedha za kuvunja kamati, pamoja na nyama choma yake, hazijawahi kukosekana.

Kamati zinazokaa vikao hivi sasa, Temeke na Kinondoni, zinaombwa mambo mawili. Flashi ipelekwe ukumbini mchana na mtu mmoja asiye na miadi saluni, ijaribiwe kwenye skrini ileile kabla wageni hawajaingia. Na malizio yalipwe siku faili linapokabidhiwa, pamoja na ya kutolea.