Sifa za Mheshimiwa Utelezi

Wasomaji wa Lulimba, Fizi na Baraka, leo simsifu chifu wala gavana. Namsifu asiyejali vyeo vya wote wawili: Mheshimiwa Utelezi, yule wa kijani anayevaa mawe ya Tanganyika, ambaye wataalamu humwita mwani. Mama afuaye ufukweni humlaani, mvuvi ashushaye mtumbwi humlaani, na mtoto aliyevunja mtungi humsingizia hata siku ambayo hakuteleza. Yeye hajibu. Anaendelea kuota.

Msione anadharauliwa hapa mkadhani hana jina kwingine. Ulaya na Marekani wapo wanaofuga samaki sebuleni katika tangi la kioo, si kwa kuwala bali kwa kuwatazama. Mwanga ukizidi, Mheshimiwa huingia bila hodi na kukipaka kioo rangi ya mchicha. Mwenye nyumba akikwangua leo, kesho kioo kimeshapakwa tena. Mwishowe huajiri vibarua: samaki wenye midomo ya kunyonya kutoka Amerika ya Kusini, na kamba wadogo ambao Mjapani Takashi Amano aliwatangazia ulimwengu kwa kazi hiyo. Nitajieni uchafu mwingine unaopandishiwa vibarua ndege kuja kuuhudumia!

Sisi nasi tumetoa wahudumu. Mwaka 1898 mtaalamu wa samaki Boulenger aliandika habari za samaki Tropheus moorii wa ziwa letu, akampa jina la Moore, Mwingereza aliyefika huku mwaka 1896. Baadaye Mbelgiji Pierre Brichard akafanya biashara ya kuwasafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura. Tropheus hubadili vazi kila pwani. Wa Bemba, kusini ya Uvira, ni mweusi aliyejifunga mshipi wa rangi ya chungwa. Yeye hunyofoa nyuzi za mwani mwambani. Jirani yake Petrochromis ana midomo minene iliyojaa meno membamba. Huibandika kwenye jiwe, akaifungua na kuifunga, akasugua ungaunga uliobaki. Mezani pa Mheshimiwa hakuna makombo.

Ukimlisha Tropheus vyakula vya nyama, tumbo humvimba, akafa. Kwa hiyo mfugaji wa Ulaya humnunulia chakula chenye spirulina, naye spirulina huhesabiwa na wengi kuwa jamaa yake, aliyekaushwa akauzwa kwa bei. Mkono mmoja unamkwangua Mheshimiwa kiooni, mwingine unamlipia dukani.

Ndugu zangu wa Lulimba msicheke mkidhani ziwa liko mbali nanyi. Ndagala mnaowapika hula vijidudu vya majini, navyo vijidudu hula mwani unaoelea, ndugu wa huyu wa mawe. Samaki mikeke naye hula ndagala. Basi kila sahani ya bugali na ndagala ni Utelezi aliyebadilisha nguo, na ninyi mmekuwa mkimla miaka yote bila hata kumshukuru.

Ana adui wawili wa kweli, na hakuna kati yao aliye samaki. Wa kwanza ni joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na mbolea ya ziwa hubaki kilindini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani katika Tanganyika huenda umepungua kwa takriban asilimia 20. Adui wa pili ni udongo: milima ikivuliwa miti, mvua huushusha hadi ziwani, ukayafunika mawe na kumzika Mheshimiwa akiwa hai. Siku hiyo mawe hayatateleza tena, na wala-mwani wataondoka mmoja mmoja.

Wahenga walishasema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ukilima mteremko juu ya mto Mutambala, acha miti ukingoni. Na ukianguka ufukweni Baraka, inuka, jipanguse, umwambie Mheshimiwa asante kwa ndagala wa jana.