Nani Analeta Gongo?

Kosa la kwanza nililifanya kwenye simu. Kundi letu la WhatsApp la mtaa, hapa Mikocheni, kazi yake ni kulia maji yamekatika na kuulizana gari la taka limepita wapi. Nikaandika: "Jumamosi saa kumi jioni, uwanjani. Nani analeta gongo?" Sijaweka simu chini, mzee mmoja wa heshima zake akajiondoa kundini. Jirani mwingine akanipigia, sauti ya chini kabisa: "Kaka, hiyo ya wapi? Maana ninakochukua mimi siku hizi wanachanganya."

Nilimaanisha gongo la softboli.

Mwenye wazo alikuwa shemeji yangu. Amekaa Marekani miaka kadhaa, akarudi na gongo moja, glavu mbili, mpira mmoja na habari kwamba huko wake kwa waume wanacheza timu moja, jioni baada ya kazi. Refa tulimpata kijana aliyewahi kupita Azania, shule ambayo Wajapani waliisaidia kujenga uwanja wa besiboli unaoitwa Koshien. Alipima futi 60 kati ya besi na besi kwa hatua zake, akaweka kandambili nne za watu. Moja ya hizo ilikuwa yangu, kwa hiyo nilicheza mguu mmoja peku.

Sasa, mimi nimekulia katikati ya dada wanne, na utoto wangu wote ni rede. Wawili wanarusha, huku na huku, wewe uko kati unajaza mchanga kwenye chupa, na mpira wa soksi zilizoshindiliwa matambara ukikugusa umetoka. Mwili wangu unajua jambo moja tu: mpira ukija, kwepa.

Mrushaji alikuwa mama wa chapati. Mpira wa kwanza niliinama. Wa pili nikaruka. Wa tatu nikageuka ubavu, ukapita unavuma, na kina mama pembeni wakanipigia vigelegele.

"Umetoka," akasema refa.

"Nimetokaje, na haujanigusa?"

Kijana akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto wa mwenye shule.

Zamu ya pili mpira uligongana na gongo, sina sifa ya kujipa hapo. Nikakimbia. Mama wa chapati akauokota, na badala ya kuutupa kwenye besi, akanitandika nao katikati ya mgongo. "Katoka!" wakaitikia wanawake wote, wa timu yake na wa timu yangu. Refa alieleza sheria peke yake kwa muda mrefu.

Jina softboli maana yake ni mpira laini, nami nataka kujua nani alimdanganya nani. Wanasema mchezo ulianzia Chicago mwaka 1887, watu wakiwa ndani ya jengo, glavu ya ndondi imekunjwa ikafungwa kamba iwe mpira, gongo likiwa mpini wa fagio. Hapo nakubali. Lakini huu wa shemeji, mzingo inchi 12, ukubwa wa balungi, haukuwa na undugu na glavu yoyote.

Shemeji ndiye aliyeumaliza mchezo. Aliupiga ukavuka ukuta, ukavuka nyaya za umeme, ukatua kwenye nyumba yenye kibao cha "Mbwa Mkali". Mlinzi akatoa jicho moja kwenye tundu la geti: bosi hayupo, haruhusiwi kufungua. Tukamtumia soda. Haruhusiwi bado, ila ataangalia.

Tulipokuwa tunasubiri, mtu akaokota chupa ya maji, mwingine akavua soksi. Dakika tano baadaye nilikuwa kati najaza mchanga, na hakuna aliyeniweza, hata mwenye chapati.

Geti likafunguka kidogo. Mpira ukasukumwa nje kwa ncha ya rungu, umelowa mate, mishono imefumuka, sufi zinaning'inia. Mama wa chapati akauokota, akauminya mara mbili.

"Haya shemeji, sasa ndiyo umekuwa laini," akasema, akanigeukia mimi.

Nikainama.